Maagizo kwa Famau, Wiki Nitakayokuwa Mombasa

Famau, ufunguo uko kidaka cha tatu,
nyuma ya bakuli lililopasuka.
Kabati ni lile la vioo, chumba cha ndani,
ambalo marehemu mjomba wako aliuzia halua Langoni.
Nimelikata vyumba vitatu kwa nyavu.
Nyavu usizitoe.

Juu wanakaa wadogo wa matete,
saba, kila mmoja kama ukucha wa dole gumba.
Hao ni watu wa unyevu. Asubuhi na magharibi wanyunyizie,
lakini si maji yaliyotoka mferejini sasa hivi:
yana dawa, na chura hanywi kwa kinywa,
hunywa kwa ngozi, kama kitambaa.
Maji yao yamo mtungini, yamelala siku mbili.
Ya kisimani usithubutu.
Kisima chetu kimeshaonja bahari.

Katikati yuko Mzee Chokaa.
Usiku ni kijivu cha gome la mti;
mchana, joto likimpiga,
hugeuka mweupe kama ukuta wa kuamkia Idi.
Huyu hataki kulowa. Ukimwonea huruma
ukamfanyia masika ndani ya kioo, utamuua.
Kisahani kimoja, tawi moja kavu, basi.

Chini, peke yake, yule mnene wa kijani
aliyeachwa na Mzungu wa Shela alipofunga nyumba.
Kwao sijui ni wapi.
Ana macho ya mdai aliyeketi barazani.
Usimfungulie aende, hata akikulilia usiku kucha:
huenda ana maradhi ya huko
ambayo vyura wa kwetu hawajawahi kuyasikia.

Sasa nikwambie.
Wadogo walikuwa wanane.
Nilisema mmoja alitoroka. Si kweli.
Nilimwona mnene kanyamaza siku nne,
nikasema huyu ana upweke, nikampelekea mwenzake,
kama tunavyopeleka sahani kwa jirani.
Sikuwahi hata kufunga kioo.
Mguu mmoja ulining'inia mdomoni,
mwembamba, rangi ya embe bivu,
halafu haukuwapo.
Mnene akafumba macho. Chura humezea macho, ulijue hilo:
huyadidimiza ndani yasukume chakula.
Tangu siku ile, nikimwona aliyekaa peke yake
sina haraka ya kumtafutia mtu.

Nyenje wamo ndooni chini ya ngazi.
Wa kumpa chura asizidi upana
ulio baina ya macho yake mawili.
Mikono ioshe kabla, maji matupu,
bila sabuni, bila mafuta ya nazi.
Ukimaliza ioshe tena, safari hii kwa sabuni,
ndipo uguse mahamri yako.
Mwambie Rukia asifukize udi upande ule,
na yule kijana wa dawa ya mbu
akija na bomba lake, mkatalie mlangoni,
umtukane ikibidi, nimekuruhusu.

Daktari anasema jicho la kushoto litafunguka.
La kulia, akasema, tutaona.
Nikamjibu la kulia ninalo siku nyingi,
mimi nataka la kuonea.
Hakucheka. Ni mtu wa bara, labda hakusikia.

Lakini mwaka mzima sasa, Famau,
hawa nawaona kwa sikio.
Wadogo ni vijiko ndani ya bilauri za chai.
Chokaa ni bawaba ya mlango usiotiwa mafuta.
Mnene hubweka kama mbwa aliyefungiwa kisimani.
Kwa hiyo mvua ikinyesha usiku, saa yoyote, nipigie.
Usinisalimu. Usiniulize nimekula nini.
Weka simu juu ya kabati uondoke.
Nikifika tisa nitakata mwenyewe.